Ijumaa Saba za Ukimya: Tyuna ya Antena na Funzo Lililotufika Nyumbani



Kila Ijumaa, saa kumi na nusu za alasiri, nyumbani kwetu huingia kimya cha namna yake. Mama hupunguza moto wa jiko, watoto huambiwa wakachezee nje, nasi ndugu wawili hukaa mbele ya redio tukimngoja ami yetu aliyeko Maskati. Yeye ndiye aliyebaki katika watoto wa babu. Macho yake yamefifia, simu zenye kioo haziwezi tena, lakini vitufe vya redio yake avijua kwa vidole kama ajuavyo tasbihi yake. Kwa hiyo miadi yetu haiko kwenye simu. Iko hewani, katika masafa mafupi, umbali wa kilomita zaidi ya 3,600 za bahari na jangwa.

Mwaka uliopita miadi hiyo ilikatika kwa muda wa Ijumaa saba. Hakukuwa na ugomvi, wala redio haikuharibika. Sababu ilikuwa kisanduku kidogo mno, ambacho wakati wote huo kilikuwa kikituonyesha taa ya kijani na kutwambia kwamba mambo ni sawa. Tumeona tuwasimulie, kwani tumekwisha kuulizwa na jamaa kadhaa wa mtaani juu ya waya ulio darini kwetu, na kwa sababu yaliyotupata yaweza kumpata yeyote mwenye kuanza kazi hii.

Redio ya ridhaa ni nini?

Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya watu binafsi kwa mawimbi, bila malipo na bila biashara. Kila mtu huwa na leseni ya serikali na alama yake ya kuitia. Hapa Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na alama zetu huanza na 5Z4. Jirani zetu wa Tanzania bara hutumia 5H3, na wa Unguja 5H1. Za Oman huanza na A4. Marehemu Sultan Qaboos bin Said mwenyewe alikuwa na alama A41AA, na chama cha nchi hiyo cha redio ya ridhaa kimekuwapo tangu mwaka 1972. Marehemu Mfalme Hussein wa Jordan naye alijulikana hewani kwa JY1, na wengi duniani walizungumza naye kama wazungumzavyo na mtu yeyote.

Huenda msomaji akauliza: katika zama hizi za intaneti, ya nini taabu hii? Jibu moja ni ami yetu. Jibu la pili ni tarehe 26 Desemba 2004. Siku ile ya tsunami, ambayo mawimbi yake yalifika hata pwani yetu, visiwa vya Andaman vilikatikiwa na simu. Huko Port Blair alikuwako mwanamke wa Kihindi, Bharathi Prasad, aliyekwenda na wenzake kwa ajili ya redio ya ridhaa tu. Waliacha mazungumzo ya kujifurahisha, wakashika kazi ya kupeleka habari za walionusurika kwa jamaa zao waliokuwa bara. Minara ya simu ikianguka, waya mmoja na betri moja vyatosha kumfikia mtu aliye mbali.

Tulipohama nyumba ya zamani

Katika nyumba yetu ya kwanza tulikuwa na uwanja wa kutosha. Antena yetu ilikuwa nyaya mbili zilizonyooshwa baina ya minazi, zimekatwa kwa kipimo cha masafa tuliyoyatumia, na hatukuhitaji chombo kingine. Mambo yalibadilika tulipohamia nyumba ya kupanga, chumba chini na dari juu, na mwenye nyumba akaturuhusu waya mmoja tu, mwembamba, usioonekana na wapita njia. Tukakata mita 10, tukaufunga kutoka ukingo wa dari hadi kwenye nguzo ya tangi la maji. Kutoka hapo tukateremsha kebo nyembamba ya mita 20 hadi chumbani. Mezani, kando ya redio, tukaweka tyuna inayojiendesha tuliyoinunua kwa mkono wa pili.

Hapa yafaa tueleze chombo hiki hufanya nini, kwani ndipo lilipofichika kosa letu.

Redio kama yetu hutoa nguvu za wati 100, na imeundwa ili nguvu hizo zipite katika njia yenye ukinzani wa omu 50. Antena ikiwa na ukinzani ulio karibu na huo, nguvu huingia kwa utulivu. Ukiwa mbali nao, sehemu ya nguvu hugonga na kurudi. Mwenye kumimina samli kutoka sufuria pana hadi chupa yenye shingo nyembamba ajua habari hii: haikosi kumwagika, ila akiweka faneli. Tyuna ndiyo faneli hiyo.

Kiasi kinachorudi husomwa kwenye kipimo chenye herufi SWR. Kikisoma 1, hakuna kinachorudi. Kikisoma 1.5, asilimia 4 ya nguvu hurudi, jambo lisilo na madhara. Kikisoma 2, hurudi asilimia 11, na kikisoma 3 hurudi robo nzima. Redio nyingi za kisasa zikiona hayo hujipunguzia nguvu zenyewe ili zisiungue.

Ndani ya tyuna mna safu ya koili na safu ya kapasita, kila moja ikiwa maradufu ya ile iliyotangulia, na kila moja ina swichi yake ndogo ya umeme iitwayo relei. Tuchukue mfano wa koili 7 na kapasita 7. Koili zaweza kupangwa kwa namna 128, kapasita kwa namna 128, na kapasita zaweza kukaa upande wa redio au upande wa antena. Jumla ni mipangilio 32,768. Zamani mtu alikuwa akizungusha vishikio kwa mkono huku jicho liko kwenye mshale. Sasa kompyuta ndogo iliyomo ndani hupima nguvu zinazokwenda na zinazorudi, ikabadilisha mpangilio, ikapima tena, mpaka ifikie ulio bora, yote hayo kwa sekunde chache. Kisha huhifadhi mpangilio huo pamoja na masafa yake, ili siku ya pili ukirudi pale pale iukumbuke mara moja.

Kuitumia kwa adabu

Utaratibu wenyewe si mgumu, lakini una adabu zake, na tulizifuata tangu siku ya kwanza.

Kwanza, sikiliza. Huenda kuna watu wanazungumza katika masafa hayo, na kurusha mlio juu ya maneno yao ni sawa na kuingia barazani ukipiga kelele. Sogea pembeni kidogo, mahali pasipo na mtu.

Pili, punguza nguvu hadi wati 10 hivi. Relei zikibadilika huku wati 100 zikipita, huruka cheche ndani yake, na cheche zikizidi ncha za relei huungua. Tyuna nyingi hufa kwa sababu hii, na mwenyewe akadhani amepatikana na ubovu wa kiwanda.

Tatu, rusha mlio thabiti, kwa mtindo wa Morse, AM au FM. Usijaribu kwa sauti ya kuzungumza katika mtindo wa kawaida wa masafa mafupi, kwani nguvu zake hupanda na kushuka pamoja na maneno, na kompyuta haina cha kushika.

Nne, bonyeza kitufe cha tyuna na utulie. Utasikia relei zikigonga mfululizo, mfano wa punje za mtama zinazomwagwa juu ya sinia. Zikinyamaza, soma kipimo. Kikiwa chini ya 1.5 acha hapo hapo. Hakuna faida ya kukimbizana na 1.0.

Tano, taja alama yako, rudisha mtindo wa sauti na nguvu zako, kisha uanze mazungumzo. Ukihama masafa, au mvua ikinyesha, au chumvi ya bahari ikikauka juu ya waya, pima upya.

Na tyuna ikishindwa, usirudie mara kumi. Kushindwa kwake ni habari: kebo imelegea, maji yameingia kwenye kiungio, au urefu wa waya haufai.

Tunamsikia, hatusikii

Haya yote tuliyafanya. Ijumaa ya kwanza katika nyumba mpya tulifika 14 MHz, relei zikagonga, taa ya kijani ikawaka, kipimo kikasoma 1.1. Tukafurahi. Saa kumi na nusu sauti ya ami ikaingia chumbani wazi kabisa, akiita alama yetu mara tatu kama ilivyo desturi yake. Tukamjibu. Akaita tena. Tukamjibu tena. Akaita kwa dakika ishirini, sauti yake ikizidi kuwa ya mtu aitaye mlangoni pa nyumba isiyo na watu, kisha akaaga na kuzima.

Tulidhani ni hali ya anga. Ijumaa ya pili yakawa yale yale. Ya tatu tukabadilisha kipaza sauti. Ya nne tukakagua waya wa umeme. Kila tulipoitazama tyuna ilituambia 1.1, na sisi tukaiamini. Tukipiga simu, bintiye hutupokelea, akatwambia: "Baba amekaa kwenye redio, hataki kuitwa." Ijumaa ya sita alitwambia kwa sauti ya chini, "Amesema, waacheni, vijana wamekwisha kuoa, wamechoka na mzee." Mama alipoyasikia hayo aliinuka akaenda chumbani kwake, na siku ile hatukula pamoja.

Ijumaa ya saba tulimsihi binti ampe simu kwa nguvu. Tukamwambia, "Ami, wallahi twakusikia kila wiki. Wewe ndiwe usiyetusikia." Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, si kwa hasira, bali kwa sauti ya fundi, "Kile kisanduku mmekiweka wapi?"

"Mezani, ami, kando ya redio."

"Na waya wa juu una mita ngapi?"

"Kumi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wanangu, mmemvisha kanzu safi mtu ambaye hajaoga. Redio yenu yaona kanzu. Mimi huku nanusa."

Alichotufunza mzee kwa simu

Kosa letu lilikuwa na sehemu mbili, na alituonyesha zote.

La kwanza ni urefu. Katika 14 MHz wimbi moja lina mita 21 na kitu, na waya wa mita 10 ni takriban nusu yake. Waya wa nusu wimbi ukilishwa kutoka ncha yake huwa na ukinzani wa maelfu ya omu. Tulichagua, bila kujua, urefu ulio mbaya kuliko yote kwa masafa tuliyoyahitaji.

La pili ndilo kubwa. Tyuna iliyo mezani husawazisha mambo baina yake na redio tu. Kebo iliyoko mbele yake, mpaka darini, hubaki na fujo ile ile. Nguvu hupanda kwenye waya, zikagonga, zikarudi, zikapanda tena, na kila safari kebo nyembamba huzila na kuzigeuza joto. Tulipofanya hesabu baadaye, tuliona kwamba katika wati 100 zilizotoka kwenye redio, zilizofika kwenye waya hazikuzidi 15. Tena upotevu wenyewe ndio uliotudanganya, kwa kuwa nguvu zilizopotea hazikuwa na cha kurudi. Kipimo kikaona marejeo machache, tyuna ikapata kazi nyepesi, na taa ya kijani ikawaka upesi.

Na kwa nini sisi tulimsikia? Kwa sababu katika masafa mafupi kelele za hewani na sauti ya mwenzako hupunguzwa pamoja na kebo mbovu, nawe ukiongeza sauti wapata vyote viwili kwa kiasi kile kile. Ami ana antena nzuri na redio yenye nguvu. Sisi ndio tuliokuwa tukinong'ona katikati ya kelele za mji wake.

Dawa ilikuwa kuipeleka tyuna darini, mguuni pa waya, ili fujo isipite kwenye kebo hata kidogo. Yetu hutambua yenyewe kwamba nguvu zinarudi ikaanza kutafuta, kwa hiyo haikuhitaji mkono wa mtu juu. Tuliitia ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, tukaacha matundu madogo chini ili unyevu utoke, tukaipandishia waya wa volti 12 sambamba na kebo. Waya wa antena tukauongeza ukawa mita 16, ukikunja kona kwenye tangi, urefu usiokaribia nusu ya wimbi wala wimbi zima katika 7 wala 14 MHz. Tukalaza nyaya nne juu ya sakafu ya dari na kuziunganisha na upande wa ardhi wa tyuna, kwa sababu antena ya waya mmoja bila mwenziwe wa chini ni kama kupiga kasia ukiwa umekaa juu ya mchanga. Mwisho tukaizungusha kebo mara kadhaa ndani ya pete za feraiti, ili nguvu zisirudi chumbani kwa nje ya kebo. Hapo kabla, kipaza sauti kilikuwa kikituchoma midomo, nasi tukidhani ni umeme wa nyumba.

Tahadhari kwa wenye watoto

Dari zetu za pwani ni mahali pa kuanika nguo na pa watoto kuchezea jioni. Waya unaorusha wati 100 waweza kuwa na volti nyingi sana kwenye ncha zake, na mguso wake huunguza ngozi. Ncha ziwe juu ya kimo cha mtu, mbali na kamba ya nguo, na mtu asirushe kabla ya kuhakikisha kwamba dari haina mtu. Sisi tumeweka sharti: kabla ya miadi, mmoja hupanda kutazama, akashuka na kusema kwa mdomo wake kwamba ni pweke.

Masika yakikaribia, au ngurumo ikisikika hata kwa mbali, chomoa kebo na waya wa volti 12, uvitoe nje ya chumba. Hakuna tyuna wala redio inayostahimili radi. Kila baada ya miezi michache fungua viungio: shaba ikigeuka kijani kwa chumvi ya bahari, sugua, kaza, funga kwa utepe wa mpira. Na jirani akilalamika kwamba televisheni yake yakatika, mwendee kabla hajakujia.

Ijumaa ya nane

Tulimaliza kazi Alhamisi usiku kwa taa ya simu. Ijumaa tukapima kwa wati 10. Mara hii hatukusikia relei, maana zilikuwa juu darini. Tuliona mshale tu ukipanda na kushuka, kisha ukatulia kwenye 1.3. Kipimo kilikuwa kibaya kidogo kuliko kile cha zamani. Tulitazamana, hatukusema kitu.

Saa kumi na nusu ami akaita. Ndugu yetu mkubwa akabonyeza, akataja alama yake, akaachia. Kukawa na kimya kirefu kuliko kawaida.

"Tano na saba," alisema ami, yaani maneno yasikika kamili na nguvu ni nzuri. Kisha akaacha lugha ya redio. "Nimewapata, wanangu. Mvua imenyesha huko? Mama yenu yuko wapi?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kijiko mkononi. Leseni si yake, kwa hiyo hakugusa kipaza sauti. Tulimpelekea ami salamu zake, naye akazirudisha, na akauliza habari za kila jamaa kwa jina, mpaka wa nyumba ambazo sasa hazina watu. Muda ulipokwisha alitukumbusha jambo moja tu: kwamba kipimo kikisema sawa, bado tumuulize aliye upande wa pili kama amesikia.